Dar mpaka Karema: safari yetu ya uinjilishaji, nauli na yaliyotukuta njiani

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Wengi mliotuchangia mmekuwa mkiuliza mrejesho uko wapi. Picha mmeshaziona kwenye magrupu ila picha hazisemi nauli wala hazisemi nani alilala njaa, kwahiyo nimekaa nyumbani na notsi za kwenye simu na zile risiti zilizokuwa zinaelea kwenye begi nikaunganisha. Ni ndefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye gharama huko chini.

Sisi ni vijana wa parokia moja ya huku Dar, wengi wanakwaya, halafu nesi, fundi seremala, na mama wawili wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) waliokuja kama walezi ila ukweli ndo waliotubeba wote. Tulichagua Karema, huko mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoa wa Katavi, kwanza kwa sababu Oktoba kuna Jumapili ya Misioni Duniani (ilianzishwa 1926 na Papa Pio wa XI, huwa Jumapili ya pili kutoka mwisho wa mwezi) na kila mwaka tunatoa sadaka ya misioni bila kuijua misioni yenyewe inafananaje. Halafu kuna Adrian Atiman, huyo nitamweleza nikifika kwake.

JUMATATU, Dar hadi Dodoma

SGR, ile treni ya umeme, daraja la kawaida, 31,000. Sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba ukifika stesheni umechelewa dakika tano treni haikujui, na mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, kwahiyo panga na spika za kwaya tulizitanguliza kwa basi la usiku siku mbili kabla. Ndani ya masaa matatu na nusu hivi tulikuwa Dodoma, mama mmoja wa WAWATA akasema hata rozari hajaimaliza vizuri, alikuwa anasinzia kila fumbo.

Kiti cha mbele yangu kulikuwa na mzee wa Kondoa, kanzu na kofia, akauliza wanangu mmevaa tisheti zinafanana mnaenda harusi? Tukamwambia tunaenda kuhubiri Karema. Akacheka. Kumbe miaka ya nyuma alikuwa ananunua mpunga huko Katavi, akasema "watu wa kule wana dini kuliko nyie wa Dar, mkifika msiongee sana, sikilizeni kwanza". Tulipokaribia kushuka akatoa msimbazi (noti ya elfu kumi), "wanunulieni watoto daftari, msiseme ni za nani". Tulinunua, na hatukusema, ila hapa nasema.

Dodoma tulilala kwa jamaa na marafiki, hakuna gharama.

JUMANNE, Dodoma hadi Tabora

Basi la saa kumi na mbili liliondoka saa mbili na robo, sababu hatukuambiwa. Nauli 25,000. Siku hizi unapita Manyoni, Itigi, unaibukia Tabora, lami mwanzo mwisho, wale wa zamani waliokuwa wanazunguka Singida na Nzega watanielewa.

Itigi basi lilisimama watu wakanunua kuku wa kukaanga na maji, na abiria watatu wakashuka na mgonjwa amefungwa khanga, wanampeleka Mtakatifu Gaspar. Hiyo ni hospitali ya Wamisionari wa Damu Azizi, katikati ya vichaka vya Itigi, na watu wanaifuata kutoka mikoa ya mbali. Konda alimbeba yule mgonjwa mgongoni mpaka kwenye bajaji na basi zima likasubiri, hakuna aliyepiga kelele za tunachelewa, na tulikuwa tumeshachelewa kweli. Nesi wetu akasema yeye mahubiri yake ya wiki ameshayapata, tunaweza kurudi nyumbani.

Tabora tuliingia giza likianza. Hosteli ya kanisa 15,000 kwa kitanda, maji ya bomba yapo, chandarua kipo, geti linafungwa saa nne usiku na mlinzi hana utani. Sokoni nunueni michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vinakaa wiki nzima kwenye begi bila kuharibika na vinakata njaa kuliko biskuti. Asali pia, ila subirini, ya Sikonge na Inyonga mtaikuta barabarani kwa bei nzuri zaidi.

JUMATANO, Tabora hadi Mpanda

Hii siku naipa nafasi kubwa.

Nauli 22,000, basi lilitoka kwa wakati. Tukapita Sikonge, kwenye hospitali ya Wamoravian. Hapo akapanda mama mmoja mtu mzima na kapu la karanga za kuchemsha, akakaa karibu na wanakwaya wetu, akawasikiliza wanavyojipima sauti kwa chini chini, halafu akadakia na sauti ya pili kama alikuwa mazoezini na sisi tangu Januari. Mmoravian wa kuzaliwa. Karanga zikazunguka basi zima, alipoulizwa bei akasema kwani nimefungua duka.

Baada ya hapo ndo akaibuka mhubiri wa basi. Mnawajua. Suti imechoka, Biblia imejaa vikaratasi, sauti kama ana mkutano Jangwani. Akaanza na moto wa milele, akahamia kwenye wanawake wanaovaa suruali, akaja kwenye wale "wanaosujudia sanamu", na macho yake yalikuwa kwenye tisheti zetu maana zina picha ya Bikira Maria mgongoni. Mtoto akaamka akaanza kulia. Mwenyekiti wetu alitaka kujibu, ana mistari yake huyo, mama wa WAWATA akamshika mkono, "kaa". Sadaka alipopitisha walitoa wachache. Mimi nilikuwa namhukumu kimoyomoyo kwamba huyu ndo anafanya watu waichukie Injili, bora angenyamaza.

Tukaingia ule msitu mrefu wa kuelekea Koga, tairi la nyuma likapasuka. Jua la Oktoba saa saba mchana. Wote tukashuka, mbung'o wakatushukia. Na konda alikuwa mwenyewe maana utingo alibaki Tabora. Wakati sisi wainjilishaji tunapiga selfi na kutafuta kivuli, yule mhubiri alivua koti, akalikunja vizuri, akaweka Biblia juu yake, akalala chali kwenye lami chini ya basi akaanza kupanga jeki. Alikaa kule kama dakika arobaini, alipotoka shati lilikuwa limeisha, oili mpaka kwenye nyusi. Hakusema neno. Fundi wetu akaenda kumsaidia kukaza nati, wakarudi wanacheka pamoja. Basi lilipoondoka watu wenyewe wakaanza kupitisha kofia bila yeye kuomba, na ile kofia ilijaa. Mwenyekiti alitoa elfu tano, nilimwona.

Kuhusu mbung'o: msivae nguo nyeusi wala bluu iliyokoza, hizo rangi zinawaita. Tisheti zetu zilikuwa bluu ya Bikira Maria. Waliokaa madirishani watawaelezea vizuri.

Inyonga tulinunua asali, uchovu ukaanza kutushika, Mpanda tukafika saa mbili usiku.

ALHAMISI, Mpanda hadi Karema

Asubuhi ilikuwa ya barua na manunuzi. Nasisitiza hili kwa kikundi chochote: usijifanye unafungua hospitali chini ya mti. Nesi wetu alishawasiliana na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya wiki tatu kabla, barua ikapokelewa, akapangiwa afanye kazi pamoja na watumishi wa kituo cha afya. Bila hivyo hata kumpima mtu presha ni kujitafutia kesi. Na mbao za fundi, tulizozinunua Mpanda kwa ajili ya kutengeneza mabenchi ya kigango (kanisa dogo la kijijini chini ya parokia), tulihakikisha zimegongwa nyundo ya misitu na risiti ipo, maana kwenye geti la maliasili walizihesabu moja moja.

Kosta ya kukodi, kwenda na kurudi kutuchukua, laki saba. Usafiri wa kawaida upo na ni rahisi zaidi ila na mbao, spika na jenereta haiwezekani. Barabara ni ile ya Kagwira, Ikola, Karema, kilomita mia na kitu, na sehemu kubwa tuliyopita ilikuwa vumbi ambalo sijawahi kuliona, jekundu laini kama kakao. Mafuta ya nywele hayafai kabisa njia hii, dada zetu walishuka wana vichwa vya matofali.

Halafu ghafla unashuka na ziwa liko mbele yako. Ilikuwa usiku, mbalamwezi imejaa, na ng'ambo kule ni Kongo. Dereva akazima taa kidogo tuone. Katekista na wanajumuiya walikuwa wanatusubiri tangu saa kumi jioni, watoto wamelala kwenye mikeka, wakaamshwa, vigelegele, ugali wa moto na migebuka (samaki wa ziwani) ya kukaanga. Walikuwa wametunza chakula kikawa cha moto saa nne usiku, na hapo hakuna gesi jamani, ni mama mmoja alikaa na kuni muda wote huo.

IJUMAA, Karema

Sasa Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani, akavushwa jangwa mpaka Algeria, huko Mapadre Weupe (jina lao kamili Wamisionari wa Afrika) wakamkomboa kwa kumnunua. Kadinali Lavigerie aliyeanzisha shirika hilo 1868 alikuwa na mpango wake: baadhi ya vijana waliokombolewa wasomeshwe udaktari kisiwani Malta, warudi Afrika kama madaktari-makatekista, wasiwe mapadre, waoe, wakae na watu, maana mganga anaingia hata nyumba isiyotaka kusikia habari za padre. Atiman akafika Karema 1889, kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakuondoka tena. Akaoa, mwanae Joseph akawa padre, na yeye akatibu na kufundisha dini hapohapo mpaka alipofariki 1956. Piga hesabu, miaka 67 kituo kimoja. Sisi tulikuja na begi la wiki.

Karema yenyewe ilianza kama ngome ya Wabelgiji wa ile jumuiya ya mfalme Leopold, 1879, na 1885 wakawakabidhi mapadre. Enzi hizo ilikuwa ni njia ya watumwa, ziwa linavushwa watu kutoka Kongo, kwahiyo ukuta ulikuwa na kazi. Wazee wa parokia walitutembeza, mmoja akawa anatuonyesha kwa fimbo, huku hivi, huku vile, halafu anatuuliza maswali kama mwalimu kuhakikisha tumesikia. Alituuliza: enzi za Lavigerie mtu akitaka kubatizwa alifundishwa muda gani? Tukakisia miezi sita. "Miaka minne!" Na ni kweli, ile kanuni ya Lavigerie ya ukatekumeni wa miaka minne ndo iliyofuatwa kwenye misioni zao zote. Mzee akaongeza, "nyie mnasema mkutano wa siku mbili, watu mia wamempokea Yesu. Wamempokea wapi, mlangoni?" Tukacheka wote ila mwenyekiti hakucheka sana, kwenye ripoti yetu alikuwa ameshachora jedwali lenye kisanduku cha "idadi ya roho".

Mchana nesi alikuwa kituo cha afya anapima presha na sukari pamoja na wenyeji wake. Foleni ikawa ndefu kuliko alivyofikiri. Mimi nilikuwa mwandishi wake, kazi yangu jina, umri, namba. Hakuhubiri hata mara moja, ila kila mtu alimshika mkono kwanza, akamsalimia shikamoo aliyestahili, akauliza habari za nyumbani, ndo akafunga ile mashine. Bibi mmoja alikataa kuondoka kwenye kiti, akasema apimwe tena mkono wa pili, akapimwa, akasema basi na mimi nimepimwa kama watu.

Na nimtaje katekista wetu, bila jina, ameniomba. Ana vigango vinne. Baiskeli yake aina ile ya chuma nzito, tairi la nyuma limeshonwa kwa uzi wa nyavu, kiti kimefungwa mpira wa tyubu, kwenye keria kuna boksi la mbao lenye misale (kitabu cha Misa), chaki, na koti la mvua. Padre anafika kila kigango mara chache kwa mwezi ikiruhusu, Jumapili zilizobaki Ibada ya Neno anaongoza yeye, wakatekumeni anafundisha yeye, misiba anazika yeye. Hana mshahara, ana posho kidogo na shamba la mpunga. Mgeni wa wiki ni kitoweo, huyu ndo ugali.

JUMAMOSI, kijiji cha wavuvi

Mpango ulikuwa huu: tupande mtumbwi wa injini asubuhi mpaka kijiji kimoja kaskazini ya Ikola, tufunge spika, kwaya iimbe, mwenyekiti ahubiri, jioni tugawe nguo. Siku ilichaguliwa na katekista kwa akili sana. Mbalamwezi ikijaa dagaa hawavuliwi maana taa hazifanyi kazi kwenye mwanga wa mwezi, kwahiyo wanaume wanakuwa nyumbani wanatengeneza nyavu. Nyie mnaotaka kuhubiri mwambao wowote wa ziwa, angalieni mwezi kabla ya kalenda ya parokia. Na maboya ya kuvaa dai kabla hujapanda, wenye mtumbwi walikuwa nayo machache tukangoja yaletwe mengine, mchana upepo ukiamka lile ziwa linakuwa bahari.

Tulipokaribia ufukweni tukasikia kilio. Mzee mmoja mvuvi alifariki usiku. Jenereta tayari lilikuwa limeshushwa, kijana wetu wa mitambo anauliza aliweke wapi, katekista akamwambia lirudishe kwenye mtumbwi, na spika, zifunike kabisa zisionekane. Mwenyekiti akasema basi tuongee na familia labda baada ya mazishi tupewe dakika kumi. Katekista akamwangalia tu.

Kaburi lilikuwa halijachimbwa na udongo wa pale ni mawe. Vijana wetu wakapewa sururu. Dada za kwaya wakaenda ziwani na ndoo, na kuni, mama wa WAWATA wakaingia jikoni moja kwa moja kama wamezaliwa hicho kijiji, wakaanza kuchambua mchele na wenzao, ndani ya nusu saa walikuwa wanajua ukoo mzima. Jeneza hakukuwa na mbao. Fundi akaja kwa katekista kwa sauti ya chini, mbao za mabenchi tulikuwa nazo kwenye mtumbwi. Akapiga kazi chini ya mwembe, randa, msumeno, watoto wamemzunguka, na kaka wa marehemu amekaa kwenye mzizi anamshikilia ubao mwisho mwingine muda wote bila kuongea. Fundi alipima kwa kamba aliyopimiwa marehemu, akaongeza kidole kimoja kila upande. Misumari ilikuwa ya mabenchi, mirefu kupita, akawa anaipinda ndani na kuigonga ilale ili isimguse mtu. Nani ataona hiyo misumari ndani ya jeneza? Ila aliilaza yote.

Marehemu hakuwa wa dini yoyote, kwenye ukoo kuna Waislamu, kuna Wapentekoste, kuna Wakatoliki wa zamani walioacha. Katekista akawauliza wazee wa familia, mnataka tuombe? Wakajadiliana, wakasema ombeni ila fupi. Aliomba kwa sauti ya kawaida, haikufika dakika mbili, akamtaja marehemu kwa jina, akataja mtumbwi wake, akataja wajukuu, akanyamaza. Kwaya ikaimba wimbo mmoja bila kinanda. Kisha Waislamu wa ukoo nao wakaomba dua yao, tukainua mikono pamoja nao.

Jioni tunapakia, yule kaka akatufuata majini mpaka magotini. Akauliza, nyie mlikuja na maspika, mlikuja kusema nini? Mwenyekiti akafungua mdomo, akafunga. Katekista akajibu, "Hawa ni wageni wangu, wanaondoka. Mimi nitakuja Jumatano." Yule akasema haya, Jumatano nitakuwepo.

Nguo hatukugawa. Sio siku yake, na katekista alikuwa ameshatuambia tangu mwanzo kwamba kugawa nguo kwenye mkutano ni kuwanunua watu, mwenye shida hataki kupigwa picha akipokea shati. Zilibaki kwa wenyeviti wa jumuiya, wao wanajua nani anahitaji na wanapeleka usiku.

JUMAPILI, Misa na mnada

Kanisa lilijaa, waliokosa nafasi walisimama madirishani. Paroko alihubiri kifupi juu ya ile barua ya Yakobo, mtu kumwambia mwenye njaa na baridi nenda kaote moto ushibe halafu humpi kitu. Halafu akamgeukia fundi wetu akamwambia asimame. Fundi akainama zaidi, hakusimama.

Matoleo huko sio bahasha. Ni madebe ya mpunga, migebuka mikavu, mayai, kuku wamefungwa miguu, mwana mbuzi mmoja anapiga kelele kuliko kwaya. Baada ya Misa mnada unafanyika nje chini ya mti, kila kitu kinauzwa, hela inaingia kwenye sadaka ya misioni. Mnadishaji alikuwa mzee yuleyule wa fimbo! Jogoo wa elfu kumi na tano akapandishwa, wageni wa Dar, wageni wa Dar, mnaona aibu?, mwenyekiti wetu akajikuta ameshamnunua kwa elfu arobaini na tano na watu wanampigia vigelegele. Sasa jogoo wa kumsafirisha Dar kwa SGR mnamfanyaje. Akampa katekista.

Mabenchi? Zilikuwa zimebaki mbao za benchi moja, fundi alilimaliza Jumapili mchana. Liko kigangoni, refu, zuri.

KURUDI NA GHARAMA

Kurudi ilikuwa njia ileile na vumbi lilelile, siongezi neno, ila basi la Mpanda hadi Tabora halikupasuka tairi.

Jumla kwa kichwa, nauli zote, Kosta, malazi na chakula, ilikuja kama laki tatu na nusu, bila mbao na dawa ambazo zilitoka kwenye michango yenu. Chakula Karema hatukulipia, walikataa, kwahiyo tulinunua mchele na mafuta tukawaachia mama wa jikoni. Bebeni hela taslimu kutoka Mpanda, mawakala wapo lakini floti inaisha mapema. Chaji simu usiku. Dawa ya malaria na chandarua sio vya kujadili. Wenye kutaka kwenda kwa meli kupitia Kigoma, ulizeni kwanza hali ya usafiri wa ziwani, ile meli kongwe ya Liemba kwa muda mrefu ilikuwa kwenye matengenezo.

Mnaoniuliza wamebatizwa wangapi, hakuna aliyebatizwa. Katekista amenipigia wiki iliyopita, Jumatano ya kwanza alienda kama alivyoahidi, akamkuta yule kaka na jirani zake wawili wamekaa chini ya ule mwembe. Jumatano iliyofuata hakwenda, tairi lilikufa kabisa njiani akatembea kwa mguu kurudi.

Kwahiyo kama kuna mtu anaelekea Mpanda mwezi huu anitafute inbox. Ni tairi mbili za namba 28 na tyubu zake, cheni, na boksi la chaki. Hela ipo, mwenyekiti ameshatoa, tunatafuta mbebaji tu. Ukifika Mpanda unaziacha parokiani, kuna gari linashuka Karema kila Ijumaa.